Adui wa Kifuniko cha Jakuzi Yuko Chini Yake

Watu wanaoniuliza kuhusu kifuniko cha jakuzi huanza na rangi, wakaja kwa bei, kisha wanauliza kama kinazuia vumbi. Nakuru ni mji wa vumbi na swali hilo nalielewa vizuri. Lakini tangu tuwe na jakuzi, hili beseni kubwa la maji ya moto, nyumbani kwetu Kiamunyi, nimeona kifuniko kimoja kikifa na kingine kikidumu, na sasa naamini wengi wetu tunalinda upande usiofaa. Vumbi, mvua na jua viko juu, kila mtu anaviona. Kinachoua kifuniko kiko chini, kinafanya kazi usiku na mchana hata nyumba nzima ikiwa imelala. Ni mvuke.

Jakuzi hii hatukuileta kwa anasa. Mama yangu ana ugonjwa wa viungo, magoti na vidole vyake hukakamaa hasa msimu wa baridi, na mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekuwa akimhudumia alitueleza kwamba ndani ya maji ya moto kiasi mtu huweza kunyoosha goti bila kubeba uzito wote wa mwili. Tukaipata ikiwa imetumika, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Ni ya mraba, mita 2 kwa mita 2, na inachukua takribani lita 1,200. Ilikuja na kifuniko chake cha vinili ya rangi ya samawati iliyokolea, cha kukunjwa katikati, na ukikitazama kwa nje ungesema kimetoka dukani juzi.

Mama ni mtu wa kuamka alfajiri. Alizoea kutoka mwenyewe, afungue mikanda, akunje nusu ya kifuniko, aingie majini kabla watoto hawajaamka. Hapendi kusumbua mtu. Kisha ukafika wakati tukaona haendi tena. Tukimuuliza anasema baridi imezidi, au leo amechoka. Mke wangu ndiye aliyemketisha akamuuliza vizuri.

"Mama, mbona siku hizi huingii majini? Ni maji yana shida?"

"Maji hayana shida, mwanangu. Ni huo mlango ndio umenishinda kufungua."

Nilitoka nikaenda kukishika mwenyewe. Nusu moja tu ilinitaka nipinde magoti na kuvuta kwa mikono miwili. Nikakiangalia juu: hakuna ufa, hakuna mshono uliofunguka. Nikakilaza kwenye nyasi, nikafungua zipu ya ubavuni na kuvuta bamba la povu lililokuwa ndani. Maji yalitangulia, yakamwagika miguuni yakiwa na harufu ya ukungu. Povu lenyewe, hili jeupe gumu linalofungashiwa televisheni, lilikuwa limefunikwa kwa nailoni nyembamba, na nailoni hiyo ilikuwa imeachia kwenye kona mbili za upande wa chini. Upande wa juu ilikuwa nzima kabisa. Nilibonyeza povu kwa kidole gumba, likatoa maji kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai.

Hesabu yake inatisha ukiifanya kwa utulivu. Kifuniko cha ukubwa huo, chenye unene wa wastani wa sentimita 11.4 hivi, kina povu la ujazo wa lita 450 na kidogo. Povu hilo likiwa kavu lina uzito wa kilo 7 hadi 15, kutegemea limebanwa kiasi gani kiwandani. Sasa likinywa maji sehemu moja tu kwa kumi ya ujazo wake, umeongeza lita 45, yaani kilo 45. Hakuna mama wa miaka sabini na kitu mwenye vidole vinavyouma atakayeinua kitu hicho, na haifai hata ajaribu.

Na uzito ni nusu ya hasara. Povu kavu ndilo linalozuia joto, kwa sababu limejaa hewa iliyonaswa. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 15 kuliko povu hilo likiwa kavu. Kwa hivyo kifuniko kilicholowa ndani ni kizito na pia hakifuniki joto. Unalipa stima kupasha moto anga la Nakuru.

Aliyenifungua macho kuhusu kinachoendelea ndani ya povu si muuza majakuzi. Ni fundi wa vyumba vya baridi, vile vya mashamba ya maua ya Naivasha ambamo waridi huhifadhiwa kabla ya kusafirishwa. Tulikutana kwa shughuli nyingine, nikamwonyesha picha za lile bamba kwenye simu. Alizitazama akatikisa kichwa.

"Mzee, hii haikuingia maji ya mvua. Hii imenyeshewa kutoka chini. Mvuke siku zote unatoka kwenye joto kwenda kwenye baridi. Ukiziba upande wa baridi peke yake, umeutengenezea mtego."

Akanieleza kwamba katika chumba cha baridi, joto liko nje, kwa hivyo nailoni ya kuzuia mvuke lazima iwe upande wa nje wa ukuta. Ikiachwa, mvuke hupenya taratibu, ukifika kwenye baridi unageuka kuwa maji, na ukuta unalowa bila bomba lolote kupasuka. Jakuzi ni kinyume: joto liko chini, baridi iko juu. Usiku wa Julai hapa Nakuru hewa hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na maji yako nyuzi 38. Tofauti hiyo inausukuma mvuke kuingia kwenye povu saa zote. Ukikuta tundu dogo upande wa chini, unapita. Ukifika juu unakuta vinili isiyopitisha kitu, unatulia hapo na kuwa maji. Hayo maji hayana pa kutokea.

Ndiyo maana siku hizi mtu akinionyesha kifuniko, swali langu la kwanza ni: povu limefungwa na nini, na limefungwaje? Nataka nailoni nzito, si ile nyepesi ya kufunika daftari. Nataka iwe imezunguka bamba lote, pande sita, na maungio yake yawe yameyeyushwa kwa moto yakashikana. Gundi ya kupaka haikai, mvuke na klorini huifungua. Mkanda wa selotepu ndiyo usiseme. Muuzaji akikataa kukufungulia zipu uone ndani, mshukuru uende zako. Kifuniko kisicho na zipu kabisa nacho sikitaki, maana siku ya kulowa huwezi kukitibu, utakitupa kizima.

Upande wa chini wa ile ngozi ya nje pia unatakiwa uwe na vitundu vidogo vyenye pete za chuma kisichoshika kutu, karibu na ukingo. Watu huviona wakadhani ni kasoro. Kazi yake ni kuruhusu maji yanayotona kati ya ngozi na nailoni yarudi kwenye jakuzi.

Nizungumzie ukunjo wa katikati, kwa sababu ni pale ambapo vifuniko vingi vya bei nafuu hupoteza joto. Ili kifuniko kikunjike, mabamba mawili huachwa na nafasi kati yake. Ikiwa nafasi hiyo haikujazwa, mvuke hutoka hapo kama ulivyo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mita 2 nzima. Kifuniko kizuri kina kipande laini cha povu kilichofungwa kwa nailoni kinachopita urefu wote wa ukunjo, na ukikifunga kinabanwa na mabamba mawili pande zote. Kuna vingine vyenye vipande viwili vifupi mwishoni tu, kulia na kushoto. Vinasaidia kidogo. Chukua kile cha urefu wote.

Huhitaji mashine kujua kifuniko kinavuja wapi. Toka alfajiri ya siku ya baridi, kabla jua halijachomoza juu ya Bahati, ukitazame kwa tochi. Kifuniko kisichovuja kitakuwa na umande sawasawa juu yake, kama mabati ya nyumba. Palipokauka ndipo joto linapopita. Kile cha zamani kilikuwa na mstari mkavu upana wa kiganja katikati yake na doa kubwa upande wa kusini, na kwenye doa hilo ndipo paka wa jirani alipokuwa akija kulala kila usiku. Hatukumwelewa wakati ule. Paka hajui lolote kuhusu povu, lakini joto analijua, na akichagua kulala juu ya jakuzi yako ujue kuna kitu kinapotea hapo. Pia kucha zake zinatoboa vinili, kwa hivyo ana sababu mbili za kukuhangaisha.

Kipimo kingine ni cha usiku kucha. Jioni soma joto la maji, zima hita, funga kifuniko, asubuhi soma tena. Lita 1,200 za maji zikishuka nyuzi moja, unahitaji uniti 1.4 za stima kuzirudisha. Kwa kifuniko kile kilicholowa, kipimajoto chetu kilikuwa kinashuka nyuzi 6 usiku wa baridi. Hiyo ni uniti 8 na zaidi, kila siku, kabla mtu hajaingiza hata mguu. Kwa kifuniko tulicho nacho sasa hushuka nyuzi 2 hivi. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya tokeni unazonunua, kisha kwa siku 30, ndipo uamue kama kifuniko kizuri ni ghali.

Joto kubwa zaidi huondoka na maji yanayogeuka mvuke. Lita moja ya maji ikipaa, inaondoka na joto la karibu theluthi mbili za uniti. Usiku wenye upepo, na upande wetu upepo haukosekani, jakuzi iliyo wazi hupoteza lita kadhaa. Hapo ndipo lile shuka la plastiki lenye viputo linaloelea juu ya maji linapofanya kazi nzuri. Duka la vifaa vya kuogelea litakukatia kwa ukubwa wako. Linazuia mvuke usipande tangu mwanzo, na kwa kufanya hivyo linalinda kifuniko chenyewe. Kama una pesa za kitu kimoja cha nyongeza, nunua hicho. Lakini kamwe lisihesabiwe kuwa ulinzi wa mtoto, na hilo nitalirudia.

Sasa unene na ubora wa povu. Wauzaji hupenda kutaja unene peke yake: inchi 4, inchi 5, inchi 6. Unene una maana, ila muulize pia mita moja ya ujazo wa povu hilo ina kilo ngapi. La kawaida ni kilo 16. La wastani ni 24. Lililobanwa sana ni 32. Lenye kilo nyingi linavumilia zaidi uzito wa maji ya mvua bila kupinda, lakini pia ni zito zaidi mkononi. Nilichagua la kilo 24, na unene wa inchi 5 katikati ukishuka hadi inchi 4 ukingoni. Mteremko huo si urembo. Mvua ya Aprili ikikuta kifuniko bapa inatuama, kinaanza kubonyea katikati, maji yanaongezeka, kinabonyea zaidi, na povu likishapinda halinyooki. Kuna povu jingine la mabamba ya rangi, la samawati au waridi, ambalo hunywa maji kidogo kuliko jeupe. Ukilipata kwa unene unaotosha ni zuri. Mimi sikulipata kwa saizi niliyotaka. Na povu la godoro usithubutu, hata fundi akiapa. Lile limeumbwa kunyonya.

Kati ya kuagiza nje na kutengeneza hapa nilifikiria sana. Dada yangu aliye Uingereza alikuwa tayari kununua kimoja huko na kukituma. Tatizo ni kwamba kifuniko ni hewa tupu iliyofungwa, na mizigo mikubwa miepesi hutozwa kwa nafasi inayojaza, si kwa kilo. Nauli ilikuwa inakaribia kuushinda mzigo wenyewe. Tena, kikifika na kona zisizolingana na jakuzi yako, utakirudisha kwa nani?

Nakuru ina mafundi wa turubai ambao sidhani tunawathamini inavyostahili. Malori ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret na Malaba yanapita hapa mchana na usiku, na kuna watu ambao maisha yao yote wameshona maturubai ya kuyafunika. Wanajua mshono upi unashika maji na upi unavuja. Nilimwendea mmoja nikiwa na kifuniko cha zamani kwenye pikapu, ngozi yake na mabamba yake yote, ili aone alichotakiwa kushona badala ya kukisia. Alikigeuza, akahesabu vipande, akavuta uzi wa mshono mmoja ukakatika mkononi mwake.

"Huu uzi ni wa pamba," akasema. "Jua la hapa linaula. Mimi nitakushonea na ule wa turubai la lori, wa polista. Na hapa kwenye kukunja nitaweka kitambaa mara mbili."

Alikuwa sahihi kuhusu jua. Tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na mionzi ya huku hukausha plastiki kuliko watu wanavyodhani kwa sababu hewa yenyewe ni baridi. Vinili isiyotiwa kinga ya jua huwa ngumu, inapasuka kwanza kwenye ukunjo. Turubai zito la lori, lile la kitambaa cha polista kilichopakwa plastiki pande mbili, limetengenezwa likae juani miaka. Si laini kama vinili ya vifuniko vya dukani na halina mvuto wake, lakini linadumu.

Upande wa chini nilimwomba asiweke turubai. Mvuke wenye klorini ukikutana na kitambaa kinene chenye nyuzi, hubaki humo na kuotesha ukungu. Tuliweka plastiki nyepesi isiyo na nyuzi, yenye vile vitundu vya pete. Nailoni ya kuzunguka povu tulichukua ile nene ya kutandika mabwawa ya maji ya wakulima, inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Ni nzito kuliko ya kiwandani, kwa hivyo inaongeza kilo chache, na nilikubali kuzibeba. Kuyeyusha maungio ndiyo kazi iliyochukua muda mwingi kuliko zote. Fundi alitumia mashine ya hewa ya moto na kijiti cha kubana, sentimita kwa sentimita, na kila bamba lilipokamilika tulilizamisha kwenye pipa la maji, upande mmoja baada ya mwingine, tukitafuta viputo. Bamba moja lilitoa viputo kwenye kona. Akalirudia bila kunung'unika. Mtu anayefanya kazi namna hiyo anastahili kulipwa alichoomba.

Ndani, kando ya ukunjo, kila bamba lina kipande cha alumini chenye umbo la herufi U, mabaki kutoka kwa fundi wa madirisha. Kinalizuia povu lisipinde katikati. Vifuniko vya kiwandani huwa na chuma mahali hapo; alumini ni nyepesi na haishiki kutu.

Kifuniko kizima kikavu hakikufika kilo 30, maana yake mama anainua chini ya nusu ya hapo, na hata hivyo hatukumwachia hapo. Mchomeleaji alitutengenezea mikono miwili ya bomba inayoshikilia kifuniko pembeni, ukisukuma kinainuka na kukaa wima nyuma ya jakuzi. Kabla ya kuiagiza hakikisha una nafasi nyuma, nusu mita au zaidi, maana jakuzi nyingi huwekwa zikigusa ukuta. Nasisitiza jambo hili la kuinua kwa sababu halimo kwenye tangazo lolote. Ukichagua kifuniko, mtafute mtu dhaifu zaidi atakayekifungua akiwa peke yake, umpe akifungue mbele yako. Kikimshinda, hicho si kifuniko cha nyumba yenu, hata kiwe kinahifadhi joto namna gani.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mtu ambaye hatakiwi kukifungua kabisa. Watoto wetu ni wadogo na wanapenda kumfuata Kukhu wao, yaani nyanya yao, kila anakokwenda. Maji ya kimo cha kifua cha mtu mzima aliyeketi yanamtosha mtoto kuzama bila kupiga kelele. Kwa hivyo mikanda minne, kila upande miwili, yenye klipu za kufungwa kwa ufunguo, na ufunguo unakaa juu ya kabati jikoni. Mikanda ishonwe kwenye ngozi ya juu kwa mshono wa msalaba, na klipu za chini zipigwe skrubu kwenye mwili wa jakuzi, zisiwe zinaning'inia. Marekani kuna kiwango cha vifuniko vya usalama kinachoitwa ASTM F1346. Kinapima mambo matatu ambayo hata fundi wa hapa anaweza kuyaelewa: kifuniko kibebe uzito wa mtu akikiangukia, maji ya mvua yasituame juu yake, na mtoto asiweze kujipenyeza kati ya kifuniko na ukingo. Chetu hakina cheti. Lakini tulikaa na fundi tukayapitia yote matatu, na pindo la kuning'inia pembeni tukalirefusha hadi sentimita 12 ili mkono mdogo usipate pa kuanzia. Kubeba uzito si ruhusa ya kukifanya benchi. Hakuna anayekaa juu yake, wala mtoto wala mgeni.

Na lile shuka linaloelea: mtoto akilikanyaga linazama naye na kumzunguka, na kutoka juu humwoni. Likitumika bila kifuniko kilichofungwa juu yake ni hatari kuliko maji yaliyo wazi.

Kuhusu rangi, nilichukua kijivu hafifu. Rangi iliyokolea huvuta jua, na povu halipendi kuchemshwa. Kijivu kinaonyesha vumbi upesi, lakini vumbi linafutwa kwa kitambaa. Juu ya jakuzi tulitundika pia neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, na naona imekiongezea kifuniko maisha kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Usafishaji ni sabuni ya kuoshea vyombo na maji, basi. Jik hapana. Mafuta ya kung'arisha dashibodi ya gari pia hapana, baadhi yana kemikali za petroli zinazoweza kukausha vinili baada ya kung'ara siku mbili. Klorini ndiyo inayotaka nidhamu: ukishaiweka majini, acha jakuzi wazi pampu ikizunguka kwa dakika 20 au zaidi. Ukifunga mara moja, ile gesi inakusanyika chini ya kifuniko na kula plastiki ya chini na nailoni. Pima pia pH, kipimo cha asidi na magadi majini, ibaki kati ya 7.2 na 7.8. Sisi tunatumia maji ya kisima, na maji ya visima vya Bonde la Ufa yana tabia ya kuwa na magadi, pH inapanda yenyewe, kwa hivyo tunapima mara nyingi kuliko anayetumia maji ya mfereji.

Mara moja kwa mwezi nafungua zipu, naingiza mkono kati ya ngozi na nailoni. Unyevu kidogo ni kawaida, nafuta na kuacha wazi kivulini mpaka pakauke. Nikihisi bamba limekuwa zito kuliko mwenzake, nalitoa peke yake na kulipeleka kwa fundi atafute palipoachia. Tayari bamba moja limewahi kurudi kwake kwa kazi ya kona. Gharama yake ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na kununua kizima.

Limebaki la vipimo, na hapa ndipo fundi mzuri anaweza kuharibikiwa na mteja mwenye haraka. Usipime maji, pima mdomo wa nje wa jakuzi, kutoka ukingo hadi ukingo, pande zote nne, hata kama unaamini ni mraba. Kisha pima kona hadi kona, mishazari yote miwili. Zikitofautiana, si mraba. Kona za mviringo ndizo ngumu. Chukua mbao mbili zilizonyooka, uziegemeze kwenye pande mbili zinazokutana hadi zigusane nje ya kona, halafu pima kutoka pale zinapogusana kurudi hadi pale ukingo unapoanza kupinda. Fanya hivyo kona zote nne, maana jakuzi iliyokaa juani huwa imevutika upande. Pima na urefu kutoka mdomo hadi chini, kwa ajili ya mikanda, uweke alama mahali klipu zitakapokaa na upande ambao ukunjo utaelekea. Vyote viandike kwa sentimita kwenye mchoro mmoja, mpe fundi, na nakala ibaki kwako, kwa sababu siku ya kubadilisha ngozi utauhitaji tena.